Bawa la Kushoto

Kaka Asajile, uliye huko Iringa kwenye baridi ya wasomi,

Mungu alipomaliza kuuinua mlima Loleza alinyoosha mgongo, akanawa mikono, akaniumba mimi; na tangu siku hiyo hajatoa fundi mwingine Mbeya nzima. Sibishani na mtu. Nyumba yetu ya vijana, ile tuliyolala wewe na mimi, nani aliipasua mianzi yake? Nani aliifunga hata upepo ukija unabisha hodi na kwenda zake? Mimi. Shule niliiachia standadi foo kwa sababu mwalimu alichoka kabla yangu. Basi ujue unasoma barua ya mtu mkubwa, na mtu huyo amekukasirikia.

Unalikumbuka lile boksi? Mjomba alituletea kutoka Mbozi, kwa yule Mzungu wa kahawa anayempikia. Mtoto wa Mzungu alikuwa amepelekwa Ulaya kusoma, akaliacha halijafunguliwa, na mama yake akampa mjomba awaletee wapwa zake. Juu palichorwa eropleni nyeupe isiyo na injini. Tulipofungua, eropleni hamna. Vibao vyembamba, karatasi nyororo, gundi, na ramani kubwa iliyokunjwa. Nikasema mjomba katapeliwa. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Eropleni ndiyo hiyo, mdogo wangu. Imelala tu. Kazi yetu ni kuiamsha."

Nilikupenda siku ile, kaka. Sikukwambia. Nakwambia leo ili ikuume.

Ule mti wao wa balsa! Kipande cha kwanza nilikikata kwa nguvu kama ninavyokata muwa, kikapondeka mkononi kama mkate. Ukanipokonya wembe. "Soma kwanza, kata baadaye." Nikakujibu, "Nisome nini? Kizungu chenyewe kimekaa kama siafu wanahama." Tukagawana kazi: wewe unasoma namba, mimi nakata mbavu za mabawa. Ramani ilitaka kutandazwa mahali palipo sawa na kubanwa kwa pini, na nyumbani hapakuwa na ubao mpana ila mlango wa jiko la mama. Tukaung'oa. Wiki nzima mbuzi wakaingia jikoni kama wageni walioalikwa, mama akipiga kelele, "Mnajenga ndege, mnabomoa nyumba! Huyo Mzungu angewapa meli je?"

Halafu siku ya karatasi. Ulinifundisha kupuliza maji kwa mdomo, vile mama anavyopuliza nguo kabla ya kupiga pasi, na karatasi iliyokuwa imelegea ikakauka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Uligonga bawa kwa kidole, ukanitazama. Mimi nilisikia.

Tuligombana mara moja tu. Nilitaka kutia mwanzi ndani ya mabawa, maana kitu kisicho na mwanzi mimi sikiamini. Ukakataa katakata. "Humu hapana mwanzi. Bawa moja likizidi uzito kidogo tu, itazunguka upande huo mpaka ianguke." Ukatengeneza mizani ya kijiti na uzi, ukayapima mabawa, la kulia na la kushoto, ukakwangua hapa, ukakwangua pale, mpaka yakalingana. Saa nzima! Nikakuita bibi anayechagua mchele wa Ubaruku. Hukunijali.

Na ramani ilisema eropleni hii ni ya watu wawili. Mmoja anavuta kamba akikimbia, mwingine anaishika juu ya kichwa na kuiachia. Ulinisomea hayo kwa mdomo wako. Tukapeana mkono: Jumatatu ya Pasaka, kwenye nyasi chini ya Loleza, wewe unavuta, mimi nashika. Ukasema, "Bila wewe hairuki. Bila mimi hairuki." Maneno yako hayo, siyo yangu.

Pasaka ikaja na mvua yake. Jumatatu mvua, Jumanne mvua. Alhamisi mama akanituma mashineni na mahindi. Narudi na unga kichwani, natazama darini, boksi hamna. Natazama kitanda chako, hamna mtu.

"Kaka yako kapata basi la Iringa asubuhi hii," mama akasema. "Ndege kaichukua. Kasema mmepatana."

Tumepatana! Kaka, nilikaa kwenye ule mlango wa jiko, bado umelala uani, wenye matundu ya pini zetu mpaka leo, nikakaa hapo hadi unga ukanyeshewa. Nilichapwa kwa ajili ya unga. Sikulia kwa ajili ya fimbo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Kisakali, utingo wa lori linalobeba mbao za Mafinga, yule mwenye pengo. Siku ulipoirusha eropleni walikuwa wanashusha mbao shuleni kwenu, akaona kwa macho yake. Alinisimulia sokoni mbele za watu, akiigiza kila sauti. Eti shule nzima ilisimama uwanjani. Eti mwalimu wako akauliza, "Nani kaitengeneza hii?"

"Mimi, Bwana."

"Na nani?"

"Peke yangu, Bwana."

Peke yako! Mbavu zile zilikatwa na panya? Na nani aliishika wakati wewe unavuta kamba? Kisakali anasema ni kijana mmoja mrefu mwenye viatu. Viatu! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Si kusema uongo. Hata mimi nasema, tena vizuri kuliko wewe. Mahali pangu pale chini ya bawa ulimpa mtu ambaye hata kugonga karatasi hajui.

Ikapanda, anasema, ikapanda kama mwewe, wote wakafungua midomo. Halafu ikalala kushoto. Ikazunguka kushoto, kushoto tena, ikajigonga kwenye nguzo ya kengele. Mpishi wa shule akaokota vipande akawashia moto wa maharage. Na wewe wakakubatiza Fundi Kushoto.

Nilicheka, kaka. Sikufichi. Nilicheka sokoni mpaka Kisakali akanishika bega.

Kisha ikaja barua yako kwa baba. Nilimsomea mwenyewe, maana macho yake siku hizi hayataki maandishi madogo. Umeandika kwamba umefuta jina lako kwenye orodha ya wanaokwenda shule ya ufundi. Kwamba ulipima, ukapima tena, na bado ukakosea. Kwamba mtu anayekosea kitu chepesi hivyo asiaminiwe kujenga daraja. Na kwamba likizo hii huji. Baba akasema, "Msomee mama yako pole pole." Nilipofika kwenye daraja niliacha kusoma, nikasingizia moshi.

Kwa hiyo barua hii nampa Kisakali bila kuifunga. Aisome yeye, aisome mwalimu wako, aisome yule mwenye viatu. Ulinisaliti, na hilo silifuti. Lakini kaandike jina lako tena kabla orodha haijapelekwa. Mama anakusalimu, mbuzi wanakusalimu, mlango tumeurudisha. Kaa salama huko, kaka, na uisome sehemu hii ya mwisho ukiwa umeketi.

Ile Jumatano, siku moja kabla hujaondoka, mvua ilikatika mchana ukaenda mjini kuulizia basi. Nikaitoa ndege darini. Nilitaka tu kuishika. Nikafika nayo kwenye lile jiwe kubwa, na hapakuwa na mtu wa kuvuta kamba, nikairusha kwa mkono. Iliruka, kaka. Iliruka vizuri mno, moja kwa moja, haikulala kulia wala kushoto. Ikaangukia mawe, bawa la kushoto likavunjika mti wake wa ndani. Nikaunga kwa kijiti cha mwanzi, kama mfupa, nikabandika karatasi iliyobaki, nikapuliza maji. Jioni uliitazama ukasema, "Imekaa vizuri," na mimi nikaitikia.

Vipimo vyako vilikuwa sahihi. Aliyeirusha kwanza bila mwenzake ni mimi.

Mdogo wako