Gitaa Juu ya Upondo wa Baba

Tobique, mwishoni mwa Mei

Kwako mdogo wangu Leander,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zimechanganyika na hasira. U hali gani huko Toronto? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tu wazima wa kutembea. Theluji imekwisha hata kule msituni, na jana nimechuma machipukizi ya kangaga mpaka mgongo ukagoma. Fungu lako nimeliweka kwenye friza, japo kwa ulichokifanya ningekupelekea sufuria tupu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unacheka, nami nikichekewa nasahau nilichotaka kusema. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Leander, umetufanyia nini? Nilikutumia kadi nzima ya kamera ututengenezee video. Siku zote zile za maji ya masika nilikaa mbele ya mtumbwi nimegeukia nyuma, makalio yamekufa ganzi, nikimrekodi Baba amesimama, akisukuma mtumbwi kwa upondo wake na kuupanda Mto wa Mierezi, kutoka daraja la magogo mpaka bwawa la juu kabisa. Unamjua alivyo. Nikifungua mdomo, ananinyamazisha. Nikiinua kamera nimpate usoni, anafoka kwamba uso wake nimeuona tangu nizaliwe, niishushe karibu na maji, pale upondo unapozama. Nilimwambia watu wa mtandaoni wanataka kumwona yeye. Akasema watu wa mtandaoni wakachonge pondo zao. Basi nikashusha.

Nawe ukaipokea kazi ile, ukaifanya nini? Kwanza ukayakata maporomoko, ukayachanganya kama karata. Eti Mkondo wa Mjane tunaupita kabla ya kufika darajani! Mto gani huo, bwana? Binamu Wilmot alipoona alisema labda huko Toronto mito inapanda lifti. Hilo ningelimeza. Lakini sauti! Sauti yote umeing'oa, ukaweka gitaa. Tena ulipiga simu ukajisifu kwamba umesafisha zile kelele za chuma. Kelele? Wewe uliyekaa kwenye mtumbwi uleule tangu hujaota meno, chuma cha ncha ya upondo unakiita kelele? Hata mtoto wa kwetu anajua kikigonga mwamba kinalia, kikiingia kwenye kokoto kinasaga, na kwenye tope kinanyamaza kabisa, na hapo ndipo mtu anapojua asiegemee asije akaogeshwa. Mgeni angefanya hivyo ningemsamehe. Wewe sikusamehe, angalau si leo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumapili watu walikuja nyumbani kuitazama. Shangazi Imelda alileta mkate wake, ungali wa moto, Wilmot akaunganisha nyaya kwenye televisheni, Baba akapewa kiti cha mbele kama bwana harusi. Wala hakutazama kioo. Aliinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, akasubiri. Gitaa likapigwa, likapigwa, mpaka mwisho. Watu wakashangilia. Baba akauliza video yake inaanza saa ngapi.

Tulicheka, Leander. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Wilmot akamwambia, Mjomba, si ndiyo hiyo imekwisha, umesimama humo kama waziri! Baba hakucheka. Alisema tu kwamba huyo kijana anapiga gitaa vizuri, akainuka, akatoka nje akipapasa ukuta.

Nilimfuata. Nilimkuta kando ya mtumbwi, nikamuuliza ana nini, akanitukana kidogo kwanza, kisha akasema. Amenikataza kukueleza, nami nakueleza. Macho yake yanakufa. La kushoto limekwisha kabisa. La kulia linaona mwanga na vivuli, na daktari amemwambia kabla ya theluji ijayo huenda nalo likafunga. Safari ile yote niliyokuwa nikijiona mpiga picha hodari, Baba alikuwa hauoni mto. Alikuwa anausikiliza. Alitaka sauti ya kila mkondo kwa mpangilio wake, aisikilize majira yote ya baridi mpaka aikariri, ili masika ijayo asimame tena na kuupanda. Alisema bila mto atakuwa mzee wa kukalishwa dirishani na kuhadithiwa hali ya hewa. Wewe hakutaka ujue kwa sababu ungekuja na huruma, na huruma, anasema, hana pa kuiweka.

Nimelia mpaka nimechoka. Kilichobaki ni hasira, na yote nimekuwekea wewe.

Kwa hiyo nijibu bila kicheko: ile kadi bado unayo na sauti yake, au umeifuta ukarekodi mambo yako? Mimi sikubaki na nakala. Kama ipo, usiiguse, itume kesho asubuhi, na usiipange upya, tafadhali. Kama umeifuta, samahani yako usiniandikie, sina kazi nayo. Maji yameanza kushuka. Yakishuka zaidi mawe yatatoka nje, na mto hautasikika tena kama unavyosikika masika. Omba ruhusa kazini, panda basi, njoo tuurekodi upya wote. Baba usimwonyeshe kwamba unajua. Mwambie uliharibu kazi na unataka kurudia. Kuharibu atakuamini mara moja.

Shangazi Imelda anakusalimu, na Wilmot anauliza kama una gitaa lingine la kumwekea kwenye msumeno wake. Baba hajatuma salamu kwa sababu hajui kama naandika. Lakini jana jioni alimwomba Wilmot arudie ile video yako, akakaa akaisikiliza yote tena, na ilipokwisha akaniuliza kama nina hakika hakuna maji hata kidogo huko chini ya gitaa.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukukasirikia,

Verna