Fimbo Aliyoitengeneza Upendo

Jumamosi, Akheri. Manyunyu tangu alfajiri, na Mlima Meru sijauona kabisa leo. Nimerudi na matope hadi magotini. Naandika kabla hata sijabadili nguo, maana nina furaha inayouma kidogo.

Kila Jumamosi nawafundisha watoto kutengeneza roboti katika darasa tuliloazimwa na shule ya msingi. Wengi hutaka magari, kitu kinachokimbia na kugongana. Upendo hakutaka gari. Amemaliza darasa la saba, amepangiwa shule ya bweni Singida, na Januari anaondoka. Nyumbani wapo wawili tu, yeye na bibi yake, na bibi haoni. Kanisani, dukani, kwa majirani, bibi hutembea ameshika bega la Upendo.

Kwa hiyo Upendo alitengeneza fimbo. Alifunga kifaa kinachopima umbali, akakiunganisha na kengele ndogo, akaandika programu mwenyewe. Kitu kikiwa mbele, kengele inalia. Kikikaribia, inalia haraka haraka. Wenzake waliijaribu wakiwa wamefumba macho, darasa zima likawa kicheko.

Jumamosi iliyopita alimleta bibi. Tulimwamkia wote, akatuitikia kwa marahaba moja ndefu iliyotutosha. Akaishika fimbo, akapiga hatua chache, kengele ikalia. Akasimama. Ikalia tena. Akairudisha fimbo.

"Mjukuu wangu, umefanya kazi. Lakini hiki kina kelele. Mimi natembea kwa masikio. Kikilia, sisikii ng'ombe, sisikii pikipiki, sisikii watu."

Upendo alitoka akaenda kulia nyuma ya darasa. Nilipomfuata, aliniambia bila kunitazama, "Basi, mwalimu, mimi siendi Singida."

Nilikuwa na maneno mengi ya watu wazima, kwamba majirani wapo, kwamba Mungu yupo. Niliyameza. Nikakaa naye kwenye nyasi zenye unyevu mpaka akanyamaza.

Katikati ya wiki alikuja nyumbani kwangu na simu mbovu aliyopewa na fundi. Alitaka tutoe kile kimota kinachoifanya simu itetemeke.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaenda kuleta bisibisi.

Leo kengele haipo. Mpini unatetemeka mkononi, kimya kimya. Bibi alitoka darasani akavuka uwanja peke yake kuelekea getini, na Upendo akamfuata nyuma, mkono ameunyoosha tayari kumdaka. Karibu na mlingoti wa bendera bibi akasimama. Akaupapasa, akauzunguka.

"Upendo, usinifuate," akasema bila kugeuka. "Nakusikia."

Ule mkono ukabaki hewani. Halafu Upendo akauingiza ndani ya sweta, akasimama palepale kwenye manyunyu, na sisi sote tukasimama.

Bibi akafika getini. Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, na bibi akamtaja jina na kumsalimu kabla yule mama hajafungua kinywa. Walizungumza mambo yao kama vile hakuna kilichotokea. Upendo alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Aliporudi, bibi aliuliza, "Hiyo Singida ni mbali?"

"Ni mbali, bibi."

"Basi twende tukakutafutie tranka."

Wakaondoka. Bibi aliibana fimbo kwapani, imezimwa, akalishika bega la mjukuu wake kama siku zote. Kwa safari hiyo hawakuihitaji. Nilisimama nikiwatazama mpaka migomba ikawaficha.

Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama huyu, na kabla hawajaondoka nilitaka kumwambia hivyo, kwamba nitamkumbuka, kwamba darasa litapwaya bila yeye. Nikaishia kumkumbusha achaji betri.

Jumamosi ijayo nitamwambia. Nikishindwa tena, nitamwambia bibi yake. Yeye anasikia hata yale tusiyosema.