Godoro la Mjusi

Ni mwaka mmoja sasa tangu ufunge buti la gari kwa kulisukuma na goti, ukatupungia mkono mweupe kwa unga wa ile chaki yenu ya kushikia miamba, ukasema Jumapili tukuachie chakula. Tulikuachia. Kilikaa mezani kimefunikwa mpaka kesho yake, na aliyekimwaga ni baba yako. Hakutaka mwingine akiguse.

Nyumbani ulikuwa Mjusi, na jina hilo hukupewa bure. Kabla hujajua kufunga kamba za viatu ulishakutwa juu ya kabati la vyombo, umetulia tuli, unatuangalia tunavyohangaika kukutafuta. Mama yako alikupigia kelele ushuke. Baba yako alisogeza mito ya kochi chini, akasema, "Ruka." Ukaruka.

Kazi yako ilikuwa miwani. Mchana kutwa ulichonga vioo, ukapasha fremu moto na kuzipinda zikae vizuri masikioni mwa watu. Na kazi hukuiacha dukani. Ukimwona mzee kwenye foleni miwani yake imekaa upande, uvumilivu ulikuisha: "Samahani baba, hebu niazime uso kidogo." Unaivua, unaipinda, unaifuta kwa pindo la blauzi, unamrudishia. Wapo waliodhani unawaibia. Mama yako aliona haya kuongozana na wewe mjini, na leo angetoa chochote aone haya tena.

Milima ilikuja baadaye, ikakuchukua mzimamzima. Likizo ikifika, wewe na wenzako mlipanga nyumba huko juu, mkaenda kupanda miamba. Ile mirefu mlipanda kwa kamba. Ile mifupi, ambayo wewe ndiyo uliyoipenda zaidi, mlipanda bila kamba wala nini. Chini mnatandika godoro, na wenzako wanasimama mikono juu, tayari kukuelekeza uangukie penyewe. Ulituambia kwamba kwenye miamba hiyo godoro ndiyo kamba yenu. Tulilishika neno hilo.

Baba yako, fundi makochi tangu ujana, hakutaka kusikia habari ya godoro la dukani. "Mwanangu aangukie sponji ya watu?" Mkalishona wawili karakanani kwake, mkibishana kutwa nzima: sponji ngumu juu, laini chini, turubai la rangi ya chungwa lililobaki kwenye kazi ya mteja, na pembeni ule mshono wake wa msalaba ambao hajamfundisha mtu. Lilipokwisha, halikuingia kwenye buti la gari lako. Akalikata ubavuni shibiri moja, akalishona upya. Alikuwa na wasiwasi, ukamtania: "Baba, hiyo shibiri ni ya kutambia tu."

Jumamosi jioni ulimpigia kutoka huko. "Baba, godoro lako limekuwa gumzo huku. Wanagombania kulilalia." Simu hiyo aliwatangazia majirani wote, hata ambao hawakumuuliza.

Kesho yake ukaanguka.

Wenzako walikuja msibani macho mekundu. Walimshika baba yako mikono, wakamweleza kwamba godoro lilikuwepo, na wao walikuwepo, ila uliteleza vibaya ukaangukia pembeni. "Alilikosa kidogo tu, mzee," alisema mmoja wao, rafiki yako aliyekuwa akiwapiga picha kwa kamera yake. "Kidogo tu." Tuliwapa chai. Tuliwaonea huruma.

Baba yako alikijua hicho kidogo ni kiasi gani. Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari karakanani, kipande cha sponji cha shibiri moja, na hakukitoa.

Hakutuambia neno. Sisi tuliona tu kazi zinaharibika. Mito yote alianza kuikata mikubwa. Wateja walirudi nayo kwapani: "Fundi, mto hauingii kwenye kochi." Anawajibu, "Bora uzidi." Anaupokea, anaukata upya, na bado unazidi. Kaka yako alifikiri ni macho, akataka kumpeleka hospitali. Mama yako ndiye aliyemkuta siku moja amekaa sakafuni, kile kipande mapajani, anakipima kwa kiganja. "Nililikata mwenyewe," akamwambia. "Kwa mkono wangu huu." Mama yako akakaa naye hapo chini.

Na muda wote huo watu wanatupigia simu kutuliwaza kwamba ulikufa ukifanya unachokipenda. Mama yako alichoka, akamjibu mmoja wao, "Hata kulala alipenda. Mbona hakufia kitandani, akiwa bibi kizee?"

Mwezi huu tukawa tunatafuta picha ya kuweka hapa kwenye tangazo la kumbukumbu yako. Ile ya msibani, umeng'ang'ania mwamba huku unacheka, ilikuwa imekatwa kifuani. Kaka yako akamwomba rafiki yako wa kamera aitume nzima. Akaituma, pamoja na ombi: "Na sisi marafiki wa mlimani mtutaje mwishoni." Tukaona ni ombi jema.

Baba yako akaomba simu, akavaa miwani yake, ile uliyompindia wewe isimtelezee puani. Aliangalia muda mrefu.

"Mbona chini yake ni mawe?"

Tukasogea kuangalia.

"Kuza hapo kwenye kichaka."

Kaka yako akakuza. Nyuma ya majani kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa. "Hilo begi la mtu, baba."

"Begi gani lina mshono wangu?"

Akampigia mwenyewe yule wa kamera, simu ikiwa kwenye spika, sote tunasikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo picha uliipiga lini?"

"Ni... ni ile ya mwisho, mzee."

"Na godoro linafanya nini kichakani?"

Akasema, "Ile rangi ya chungwa ilikuwa inaharibu picha, mzee. Tulilivuta pembeni kidogo. Mara moja tu. Mwamba wenyewe alikuwa ameshaupanda asubuhi akashuka salama. Na mwenyewe alisema sawa."

"Mkaja kwangu mkaniambia alilikosa."

"Tungekuambia tulilitoa, mzee, ungetuelewa kweli?"

"Nisingewaelewa," baba yako akasema. "Lakini ningelala."

Akakata simu. Akaenda karakanani, akakitoa kile kipande msumarini, akarudi amekishika, hajui akiweke wapi. Tulimwona analia, na si kilio cha msibani. Alikuwa na hasira ya mwaka mzima, na ilikuwa imemgeukia yeye peke yake.

Na wewe pia, Mjusi, tuna neno na wewe. Mwenye kamera anasema ulikubali. Inatuuma kwamba tunamwamini. Tunakujua: mtu akikuomba jambo kwa kucheka, unasema sawa kabla hajamaliza. Wewe ambaye hukuweza kumpita mgeni mwenye miwani iliyopinda, uliwaacha walivute godoro la baba yako kwa sababu rangi yake haikukaa vizuri kwenye picha. Tumekukasirikia. Kaka yako alipolisema hilo kwa sauti, baba yako alimkatiza: "Mwache mtoto." Kisha akaongeza, "Ningekuwepo ningemchapa." Hajawahi kukuchapa maishani mwake.

Kwa hiyo picha iliyo hapa siyo ile. Hapa uko dukani, umebana bisibisi ndogo kwa meno, nywele zimekusimama, unamwambia mpigaji asubiri. Si picha nzuri sana. Ila kila kitu kipo mahali pake.

Wiki hii mteja alikuja kuchukua mto wake, akaujaribu pale pale kwenye kochi. Uliingia. Baba yako aliupigapiga kwa kiganja, akarudi kwenye cherehani.

Wanaokukumbuka ni mama yako, ambaye Jumapili bado anafunika sahani moja. Kaka yako, aliyelirithi gari lako na hathubutu kufungua buti. Na bibi yako, ambaye miwani yake imeanza kukaa upande na hataki mkono wa mwingine uiguse. Marafiki wa mlimani waliomba watajwe. Wametajwa.

Wa mwisho ni baba yako. Ameomba jambo moja tu liandikwe hapa, walisome wote waliompa pole: godoro lilitosha.

Mungu akulaze mahali pema, Mjusi, na pawe laini. Tutakukumbuka daima.