Punje Iliyo Mfukoni mwa Mutembei

Nshambya, Bukoba,
Tanganyika.
14 Juni, 1953.

Mpendwa mdogo wangu Mujuni,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe? Shemeji na watoto je? Huko Mwanza ndizi mnapata, au mmeshakuwa watu wa ugali kabisa? Sisi wazima. Mgongo unauma, lakini Bukoba hii hakuna mzee wa kunishinda kutembea, ukibisha njoo tushindane. Naandika mwenyewe kwa herufi zangu za katekesimu, usicheke.

Asubuhi nakumbuka pale kwa Burhani, sokoni. Kahawa chungu ya tangawizi, biskuti ngumu mpaka uichovye, na wewe unatusomea gazeti lililozeekea melini. Mimi habari nilikuwa nazieleza kabla hujafunua ukurasa, na watu wananisikiliza mimi! Burhani kahama, pale sasa pana fundi cherehani.

Basi hamu hiyo ndiyo imeniponza. Mjukuu wangu Georgina kaposwa na Apolinary, mtoto wa mzee Mutembei wa Kagoma. Walipokuja kwa mazungumzo nikataka wajue mimi mtu wa mjini. Nikanunua bati zima la biskuti, gazeti nikaliweka mezani, nikamwambia shemeji yako Benigna apike kahawa ile ya kunywa, kama ya Burhani. Akaninong'oneza, "Baba, na akamwani, buni ya kutafuna?" Nikamjibu, "Acha ushamba, mama, leo wanakunywa."

Mutembei kakaa, kikombe hagusi. Anangoja kikapu cha buni, tutafune wote kama wanavyopokewa wageni, na mimi nampigia hadithi ya mamba niliyemuua. Mwisho akasimama. "Kashaija, umeniita kwako, hata punje moja hujatafuna na mimi. Kumbe binti hutoi. Ungesema tu." Wakaondoka wote.

Georgina chakula hakimshuki. Hanilaumu, na hilo ndilo baya. Nikimtania ananijibu, "Ndiyo, babu," basi. Na huko Kagoma, Apolinary kaambiwa anatafutiwa mke mwingine Kamachumu.

Juzi nikaenda mwenyewe, akamwani nimeifunga kwenye jani la mgomba. Nikamkuta Mutembei uani kwake. Nikatafuna ya kwanza mbele yake, aone haina sumu, nikamnyooshea nyingine. Mdogo wangu, mkono umenyooka pale, hapokei. Nikasema, "Waitu, ndugu yetu, pokea, mkono huu umeua mamba." Hakucheka. Akasema, "Mwaka jana mamba huyo alikuwa kenge."

Halafu akachukua punje moja. Akaigeuzageuza, akaitia mfukoni mwa kanzu. Hakuitafuna! Akaniambia, "Wewe Kashaija maneno yako matamu, siyajui ya kweli ni yapi. Niitie Mujuni. Yeye nilitafuna naye tukiwa vijana, hajanidanganya. Akiniambia mlango wenu haukufungwa, nitaitafuna mbele yake. Asipokuja, nimeelewa."

Basi ndiyo hivyo. Nimemwapia mpaka koo limekauka, na kwa sababu ninayeapa ni mimi, haamini. Panda meli inayokuja. Kazini mwombe bwana wako ruhusa, mwambie kaka anaumwa, si uongo sana. Njoo kabla hajaitoa mfukoni akaitupa.

Benigna anakusalimu, na dada yetu Ephrasia. Georgina anakuamkia shikamoo. Ananiuliza kila asubuhi kama nimeshakuandikia. Mukama akuvushe ziwa salama.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Kashaija