Sabuni Iliyokataa Kushika

Baba Mumbua,

Sijui barua ya mtu aliyekufa huanzwa vipi. Nikikuuliza habari nitakuwa nakuchezea. Basi nianze na mtoto. Mumbua sasa anasimama akishika kitanda, na kila akisimama anaipiga kiganja ile karatasi yako ya elementi ukutani, mpaka pembe ya chini imeraruka. Simkatazi. Ana macho yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu, kile cha Mkamba na Mkikuyu waliokosa lugha nyingine ya kugombana. Ningekuja kaburini nikuambie kwa mdomo, lakini wewe uko kwenu, ng'ambo ya Thika, na siku hizi Mkikuyu hasafiri bila kibali cha serikali, nami bado sijapewa. Na hili haliwezi kungoja kibali. Nimekuaibisha, Baba Mumbua. Nimekuaibisha mbele ya watu.

Chama cha akina mama hapa Ruiru kilitaka kujifunza kutengeneza sabuni ya mche. Soda kali, ile inayounguza mikono, ikakosekana madukani. Wenzangu wakasema tungoje. Mimi nikasimama, mke wa mwalimu, nikawaambia tuchuje majivu, maana maji ya majivu yana potasiamu, soda kali ina sodiamu, na hao wawili wamepangwa nguzo moja kwenye karatasi ya mume wangu, mmoja chini ya mwenzake. Nikasema ni kitu kimoja. Wakaniamini. Wakaleta mafuta ya kondoo ambayo wengine waliwanyima watoto wao. Tukachuja, tukachemsha, tukakoroga kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, tukamimina kwenye sanduku la mbao na kulifunika magunia.

Tulipofunua, kitu kilikuwa cha kahawia, kinatetemeka. Tukangoja siku nyingine. Kikatetemeka vile vile. Mama Njoroge, unamjua, yule ambaye kijana wake ulimfundisha, akachovya kidole akasema, "Leteni vijiko, uji umeiva."

Wakacheka, na hata mimi ningecheka, si unajua mdomo wake. Lakini aibu ilinipanda, nikasema, "Ni karatasi ya marehemu iliyonidanganya."

Kicheko kikakatika. Mama Njoroge akafuta kidole kwenye gunia, akasema polepole, "Kumbe hayo ndiyo alikuwa akimfundisha Njoroge wetu?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Nikainama nikajifanya namfunga Mumbua mgongoni, na Mumbua alikuwa amefungwa tayari.

Tangu siku hiyo nikipita na ndoo naona kama kila mtu ananiuliza ulikuwa mwalimu wa namna gani. Usingizi ulinikataa. Nikawa nanyonyesha huku nikiitazama karatasi, nikiitafutia uongo wake. Sikuupata. Nilichokipata ni wewe.

Nilikumbuka ile siku ya wazazi shuleni, ulipoweka beseni la maji mezani na kutusogeza nyuma. Lithiamu ikaelea ikitoa mapovu taratibu. Sodiamu ikayeyuka ikawa kitone, ikakimbia huku na huku juu ya maji. Potasiamu, kipande kidogo kabisa, ikawaka moto wa zambarau, na mama mmoja akaacha kiatu akitoka. Jioni nilikuuliza ndugu wa nguzo moja wanawezaje kutofautiana hivyo. Nilikuwa na mimba ya Mumbua, miguu imevimba, na wewe ukiikanda. Ukaniambia, "Ni ndugu, si mtu mmoja." Ukasema kila mmoja ana elektroni moja ya nje anayoitoa, kama mama mwenye mtoto mmoja uwanjani. Lakini ukishuka nguzo, yule mtoto anacheza mbali zaidi na mlango, na aliye mbali huchukuliwa kwa urahisi. Ndiyo sababu wa chini huwaka haraka kuliko wa juu. Na ukienda kulia kwenye mstari, ulisema, mikono ya mama inazidi kukaza, watoaji wanageuka wanyang'anyi, kama klorini, mpaka unamfikia wa mwisho ambaye hataki kutoa wala kupokea. Nikakuambia huyo ni shangazi yangu. Ulicheka mpaka ukaacha kukanda.

Uliniambia yote, na mimi nikabaki na nusu. Nilishika undugu, nikaacha mwendo. Karatasi haikusema wako sawa. Ilisema wanafanana, na wanabadilika kadiri unavyoshuka. Sabuni ya potasiamu ni laini, ndivyo ilivyo. Haikuharibika. Mimi ndiye niliyewaahidi mche.

Halafu nikakumbuka kwamba chumvi ya jikoni ni sodiamu iliyoshikwa na klorini, nikawaza huenda sodiamu hiyo ikachukua nafasi ya potasiamu kwenye sabuni. Niliomba kikombe cha ule uji wetu, nikauchemsha na chumvi nyingi. Ukakatika kama maziwa ya mgando, mabonge yakapanda juu. Niliyakamua kwenye kitambaa. Asubuhi yalikuwa magumu kama ugali uliolala. Si mche bado. Lakini kidole hakizami.

Jumamosi wanakutana tena. Nimemwomba Mama Njoroge anipe nafasi, akasema njoo. Nitawaonyesha sufuria nzima, na nina hofu, maana kikombe si sufuria na inaweza kukataa tena.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, Baba Mumbua. Nitasema kabla ya kuwasha moto. Nitamtazama Mama Njoroge usoni nimwambie kijana wake alifundishwa ukweli, na mke wa mwalimu ndiye aliyesoma vibaya kisha akamsingizia asiyeweza kujibu. Sitangoja sabuni inisaidie. Ishike au isishike, hilo litakuwa limeshasemwa.

Lala salama, mume wangu.

Mama Mumbua