Amri Moja ya Kabula

Nyahanga, Jumanne

Kabula wangu kaajiriwa mgodini! Anaketi kiti kimoja, anaandika amri moja, na kompyuta sita za kambi za mbali zinatii kwa pamoja.

Mama Masanja, jirani yangu, akanichokoza: "Mbona wadogo zake wanne hawajawahi hata kukuitikia pamoja?"

Nikamuuliza Kabula, ukikosea je?

"Zinakosea zote, mama. Ndiyo maana naijaribu kwanza kwenye moja."

Nilimsikia, ila nilikuwa na haraka ya kumnyamazisha jirani. Nikaandika barua moja, nikainakili mara nne, nikawapa makondakta wawapelekee wadogo zake huko waliko: njooni Jumamosi tumpongeze dada yenu. Mabasi yalipoondoka ndipo nikakumbuka Kabula ana ruhusa Jumapili tu.

Na safari hii watatii, nawajua, maana nimetaja kuku. Wote watafika Jumamosi.