Kanzu Niliyochelewa Kuinunua

Jumanne, jioni. Mvua inanyesha tangu mchana, na mimi nimekaa kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Naogopa. Wacha niandike hivyo hivyo tu, maana nikimwambia mtu atanicheka.

Asubuhi nilikuwa dukani kwangu, sokoni Kikuubo, napanga beseni na ndoo, simu ikalia. Alikuwa Afande Okello, polisi aliyepanga chumba cha kwanza kwenye nyumba zangu za Kamwokya. Yeye si mtu wa kupiga simu ovyo. "Mama Brian, kuja mbio. Watu iko hapa na kamba, iko napima shamba yako."

Nikamwachia jirani duka, nikarukia bodaboda. Kufika, nakuta vigingi vya rangi nyekundu, kimoja kimepigwa mbele kabisa ya mlango wa Afande. Mpima ardhi, kijana mpole tu, akanieleza kwamba mwenye ardhi amefariki, na mwanawe anayeishi Ntinda anataka kujua mipaka ya ardhi yake ili auze.

Mwenye ardhi? Jamani, si ni mimi?

Si mimi. Mimi nina kibanja. Vyumba ni vyangu, nimenunua na haki ya kukaa hapo, lakini udongo wenyewe una mwenyewe. Na hapa Buganda ukinunua kibanja humalizani na aliyekuuzia peke yake. Unakwenda kwa mwenye ardhi, unampelekea kanzu na kitu kidogo cha heshima, naye anakutambua na kukubali kwa maandishi. Usipofanya hivyo, mbele yake wewe ni mvamizi tu.

Habari za hiyo kanzu nilizisikia. Aliyeniuzia aliitaja, kisha akaniambia, "Hayo ni mambo yetu Waganda, nyinyi Wakenya musisumbuke." Nikafurahi! Mimi huyu wa Kakamega, na haraka zangu za biashara, nikaona nimeokoa safari. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, majirani wakala mbuzi wangu, nami nikaanza kutembea kama mama mwenye nyumba. Mtaa mzima unanijua. Mwenye udongo ndiye hanijui.

Kuuliza si ujinga, mama yangu alikuwa akisema. Mimi sikuuliza kwa sababu jibu nililopewa lilinipendeza.

Wapangaji walisimama barazani wakinitazama usoni. Nikawaambia ni vipimo tu, wasiwe na wasiwasi. Afande akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwezi hii tunalipa nani? Wewe ama huyu wa Ntinda?" Hakuuliza kwa ubaya. Ana mke na watoto mle ndani, na yeye pia anaogopa. Nikamwambia tutaongea.

Vile vyumba ndivyo uzee wangu. Mgongo umeanza kukataa kubeba beseni, na Brian bado yuko shuleni. Vikienda, nitarudi Kakamega na nini? Na ile midomo ya mashemeji, nitaipokea vipi?

Niliporudi Kikuubo nilinunua kanzu. Muuzaji akauliza saizi. Saizi! Sijawahi kumwona huyo mwana wa marehemu, sijui ni mnene au mwembamba. Nikachukua kubwa kuliko zote.

Sasa nimeitundika mlangoni isikunjamane, na kila nikiinua macho nadhani kuna mtu amesimama pale ananisubiri. Nimeigeuza mara kadhaa. Haisaidii.

Kesho asubuhi naenda Ntinda. Nitapiga magoti kumsalimia kama wanawake wa hapa wanavyofanya, mimi niliyekuwa nikiwatania kwa magoti yao. Nimejaribu hapa chumbani. Kushuka ni rahisi, kuinuka ndiyo kazi.

Labda atanihurumia. Labda ameshapata mnunuzi, na ameshakula pesa. Sijui. Nimeomba, nimenywa chai, nimeomba tena.

Ninachoogopa zaidi si hata kufukuzwa mlangoni. Ni kwamba aipokee kanzu kwa mikono miwili, aitazame vizuri, halafu aniulize kwa upole: mama, mbona hukuja baba akiwa hai?